Sura ya Saba: Mti Unapoifuata Patasi

Anayechonga kinu Narung'ombe, au kijiji kingine chochote cha Ruangwa na Nachingwea, hukaa na gogo lililotulia. Tezo ndiyo inayopanda na kushuka. Akichoka anaiweka chini, anakunywa maji, anarudi. Gogo liko palepale. Likitokea kosa, limetoka mkononi mwake, na mkono ni wake, anaweza kuuzuia katikati ya safari. Mpeleke fundi huyohuyo kwenye mashine ya kukereza, na karibu kila anachokijua kinageuka. Sasa patasi ndiyo inayotulia na mti ndio unaokuja. Unakuja mara kumi kwa sekunde, hauchoki, na haujui kama kilicho mbele yake ni chuma au kidole.

Nimeuchagua ukanda huu kwa sababu msitu wake una karibu kila mti ambao mkereza bakuli angeuomba: mninga, mkongo, mpingo, mtondoro, na kuzunguka nyumba kuna miembe na mikorosho iliyozeeka. Mti huo kwa kawaida huondoka ukiwa gogo au ubao, na bakuli linalorudi sokoni ni la plastiki. Fundi wa tezo tayari anazijua nyuzi za mti kwa kuzigusa. Kilichobaki ni kumfundisha mashine bila kumpotezea jicho.

Vyuo vingi hufundisha usalama siku ya kwanza, wanafunzi wakasaini karatasi, kisha ustadi ukaanza kesho yake kana kwamba ni somo jingine. Katika kukereza bakuli mgawanyo huo haupo. Mkato unaoacha uso laini ndio huohuo usioirusha patasi, na mkato unaorarua nyuzi ndio unaovunja kidole. Nitalionyesha hilo hatua kwa hatua, na pale ambapo somo ni fupi nitapita haraka.

Tuanze na mwendo. Chukua bakuli la upana wa sentimita 30, la mboga ya nyumba yenye watu kiasi. Kabla hakijachimbwa, kipande chake cha mninga mkavu chenye unene wa sentimita 10 kina kilo nne na zaidi. Kikiwa kibichi kinazidi hapo. Mota ya umeme ya kawaida, ya aina zinazookotwa kwenye pampu na mashine zilizokufa, huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika, na nyingine hupita 2,800. Fundi asiye na puli akifunga kipande chake moja kwa moja kwenye shafti ya mota ile ya polepole, ukingo wa bakuli utakimbia kilomita 81 kwa saa. Ni mwendo wa bodaboda iliyopata lami tupu, nawe umesimama shibiri moja pembeni na chuma mkononi.

Wakereza wana kanuni rahisi ya kukadiria. Zidisha upana wa kipande kwa sentimita na mizunguko yake kwa dakika. Jibu likae kati ya 15,000 na 23,000. Kwa bakuli letu la sentimita 30 hiyo ni kati ya mizunguko 500 na 760. Kipande ambacho bado hakijawa duara, chenye upande mzito na upande mwepesi, kianze chini kabisa ya hapo, na ukiona mashine inatembea sakafuni, punguza tena. Puli ya sentimita 6 kwenye mota na ya sentimita 18 kwenye mashine, pamoja na mkanda, huishusha mota ya 1,440 hadi 480. Hizo puli mbili na kifuniko cha mkanda ndiyo gharama ya kwanza ninayomshauri kijana anayeunda mashine yake mwenyewe. Patasi za kung'aa zitafuata. Na hesabu hii ina ukali wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo la kipande kilichochomoka huongezeka mara nne.

Wapo wanaoamini kwamba mwendo mkubwa huleta uso laini. Kinacholeta uso laini ni makali. Mwendo mkubwa huficha tu ubutu wa patasi, tena kwa muda mfupi.

Kukereza kwenyewe si jambo geni katika nchi zetu. Pwani, mafundi wa Siyu katika kisiwa cha Pate, na wenzao wa Lamu na Unguja, walikereza miguu ya vitanda kwa kerezo la uta. Kamba ya uta huzungushwa kwenye kipande, mkono mmoja unavuta mbele na nyuma, mwingine unashika patasi. Mchoro wa zamani sana wa kazi hiyo umo katika kaburi la Petosiris, kuhani wa Misri, wa yapata miaka 300 kabla ya Kristo, na humo mmoja anavuta kamba na mwenziwe anakata. Makerezo hayo yalikuwa na huruma moja ambayo umeme hauna: patasi ikinasa, mzunguko unasimama wenyewe, kwa sababu nguvu yote ni ya msuli wa binadamu.

Bara la kusini, kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, kazi ya mti ilishika njia ya tezo, na njia hiyo ilifika mbali kupitia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 19 Julai 1917, vikosi vya Waingereza vilivyotokea Kilwa vilipambana na Wajerumani hapahapa Narung'ombe, vikapoteza watu wengi, na Wajerumani wakaondoka usiku kuelekea kusini. Katika vita hiyohiyo, Mkamba aitwaye Mutisya Munge aliletwa Tanganyika, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarudi nao kwao Wamunyu. Bakuli na twiga zinazouzwa leo kwa watalii Nairobi na Mombasa zina ukoo huo. Ni kazi ya tezo tangu mwanzo. Bakuli la tezo ni zuri, lakini mchongaji hula siku nzima kwenye kipande ambacho mashine ingekitoa kwa saa chache, na mteja wa mjini anayetaka sita zinazofanana hapati sita zinazofanana.

Sasa mti. Fundi wa tezo hahitaji kuambiwa kwamba kiini kile cha katikati kabisa ya gogo hakifai, anajua kitapasuka. Pasua gogo kupitia kiini, utupe ubao mwembamba ulio nacho, na kila nusu ikupe bakuli. Ukielekeza mdomo wa bakuli kwenye kiini na kitako kwenye ganda, pete za mti zitachora duara ndani yake. Ukiligeuza, mdomo kwenye ganda, utapata ukingo wenye mawimbi. Kwa anayeanza, njia ya kwanza ina amani zaidi.

Kereza mti ungali mbichi. Hapa wengi husita, kwa kuwa seremala amefundishwa maisha yake yote kukausha kwanza. Kwa kitanda ni sawa. Kwa bakuli, kipande kinene kikikaushwa kizima hupasuka kabla hakijakauka ndani. Mti mbichi hukatika kwa urahisi, maranda yakitoka marefu na yenye maji, na vumbi haliruki. Utaratibu ni huu: chimba bakuli likiwa bichi, acha ukuta wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya upana, yaani sentimita mbili na nusu kwa bakuli la sentimita 25. Lifukie ndani ya mfuko pamoja na maranda yake, mbali na upepo, hasa miezi ya kusi ambapo hewa hunyonya maji kwa pupa. Litageuka yai, kwa sababu mti husinyaa kuzunguka pete kama mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda nje. Ule unene ulioacha ndio akiba yako ya kulirudisha kwenye duara baada ya miezi.

Mninga unakusamehe hapa kuliko miti mingi, kwani husinyaa kidogo mno na hautangitangi. Ndiyo maana nauweka wa kwanza kwa mwanafunzi, ingawa bei yake inauma. Mkongo ni mgumu zaidi na vumbi lake linawasha. Mwembe hauna heshima kwa maseremala, nao wanakosea: mwembe wa zamani uliolala chini msimu mmoja wa mvua hupata michirizi myeusi ya ukungu ambayo hakuna rangi ya dukani inayoiiga. Usiuache ulale misimu miwili, utakuwa mkate. Kuhusu mkorosho, kata ukiwa umevaa mikono mirefu: utomvu wake, na wa mwembe pia, huunguza ngozi ya baadhi ya watu, maana miti hiyo ni ndugu.

Usinunue gogo la mninga au mpingo lililokuja usiku. Kuvuna miti hii ni kwa kibali, na gogo halali lina alama ya nyundo na karatasi ya kusafirishia kutoka TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuupangia mavuno na kukaa na mapato. Mkereza anayenunua kwenye msitu kama huo anapata kitu cha ziada: anaweza kuchagua mti ungali umesimama.

Kipande kikishakatwa duara kwa msumeno, kinafungwa. Kuna sahani ya chuma yenye matundu, inayofungwa kwa skrubu nene upande utakaokuwa mdomo. Nyuzi za skrubu zizame angalau sentimita mbili na nusu kwenye mti mzima, na zisiwe skrubu nyeusi za jipsamu, ambazo hukatika ghafla. Kisha mkia wa mashine usukumwe hadi ncha yake iushike mti kwa upande wa pili, na ubaki hapo kwa muda wote ambao kazi inauruhusu. Kukereza bakuli bila mkia mapema ni majivuno tu. Ukishamaliza nje na kutengeneza kiguu kwenye kitako, bakuli linageuzwa na kushikwa kwa kiguu hicho na meno ya chaki, yaani kishikio cha chuma kinachozunguka na mashine. Kiguu kiwe na bega lililonyooka la kukalia uso wa meno. Kikiwa mviringo kama yai, meno yatashika sehemu ndogo, na sehemu ndogo ndiyo itakayokatika.

Kabla ya kuwasha, zungusha kwa mkono mzunguko mzima. Je, kinagusa egemeo la patasi? Ufunguo wa chaki umetoka? Nyufa? Kisha simama pembeni, nje kabisa ya mstari ambao kipande kingeufuata kikiruka, ndipo ubonyeze. Wageni wa karakana yako wasimame nyuma yako, watoto wasiwepo. Kipande kinachochomoka hutoka kwa mstari wa ukingo, kwenda juu, chini au usoni mwa aliyesimama mbele yake. Miwani peke yake inalinda macho, haiokoi taya. Ngao ya uso mzima ya plastiki ngumu ndiyo inayofaa, na isiwe ile nyembamba ya enzi za korona.

Nguo ni neno fupi. Hakuna glavu, hakuna mkono wa shati unaoning'inia, hakuna tai, mkufu, kitenge cha kufunga kiunoni wala ushungi wenye ncha huru. Ushungi uingizwe ndani ya koti. Glavu huokoa mikono kwenye kazi nyingi, lakini mbele ya kitu kinachozunguka huvuta mkono mzima ndani.

Na umeme ukikatika, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Lindi, ondoa patasi kwanza, kisha zima swichi, kisha ndipo uulize majirani kama na wao hawana. Mashine nyingi za kienyeji hazina swichi inayojizima. Umeme ukirudi nawe umeinama kukagua ndani ya bakuli, mashine itaanza bila kukuuliza.

Tumefika kwenye mkato, ambako ndiko kazi ilipo.

Patasi ya bakuli ina mfereji katikati na mdomo uliopinda. Ni nzito, na mwili wake ni chuma kimoja kinene kutoka mdomoni hadi ndani ya mpini. Kuna patasi nyingine pana yenye mfereji, ya kukwangulia magogo marefu kama miguu ya kitanda, ambayo inakaribia kufanana nayo machoni mwa asiyejua. Hiyo isiingie kwenye bakuli kamwe. Mkia wake unaoingia kwenye mpini ni mwembamba, na ukinaswa kwenye nyuzi za bakuli huvunjika. Vilevile patasi za kufua mwenyewe: chuma cha springi ya gari kikishughulikiwa vizuri kinavumilia, lakini tupa ya zamani, ambayo mafundi wengi huipenda kwa ugumu wake, ni kavu mno. Hukatika kama kigae, na kipande chake hakiendi mbali na uso wako.

Egemeo lisogezwe karibu na mti, pasizidi sentimita moja, na lisogezwe tena kila bakuli linapopungua, mashine ikiwa imezimwa. Kadiri patasi inavyochungulia nje ya egemeo ndivyo mti unavyopata mkono mrefu wa kukushinda. Mpini uukandamize nyongani. Mwili wote utembee, mikono ifuate.

Kisha utaratibu ambao ningemfanya mwanafunzi aukariri kabla ya chakula: patasi iguse egemeo kwanza, mteremko uguse mti pili, makali yaje ya tatu. Mteremko ni ule uso ulionolewa chini ya makali, wa nyuzi 45 hadi 60. Ukiulaza kwenye mti unaozunguka bila kukata, unateleza tu, unapiga mluzi mdogo. Sasa inua mpini taratibu hadi unyuzi wa kwanza wa randa utokee. Hapo makali yamepata kazi na mteremko uliobaki nyuma yake unayazuia yasizame. Patasi inakuwa inajiegemeza kwenye uso iliyoukata sekunde iliyopita.

Ukiyapeleka makali kwanza, hakuna kinachoyazuia. Mti unayameza, patasi inapigwa chini, mpini unaruka juu, na bakuli lina shimo.

"Mzee, mbona imeruka wakati nimeishika kwa nguvu?"

"Umeishika kwa nguvu ukaisahau kuilaza, mwanangu. Nguvu yako na ya mota, ipi kubwa?"

Swali hilo halina jibu la pili. Mkereza mwenye mshiko mkali huwa hajapata mteremko bado. Akishaupata, vidole hulegea vyenyewe, kwa kuwa mti ndio unaoibeba patasi. Hapo ndipo unapoona usalama na ustadi vikikaa sehemu moja ya chuma, upana wake ukiwa milimita chache. Mteremko ukilala, uso unatoka laini na patasi haina pa kunasa. Ukiinuka, unapata makovu na hatari kwa pamoja.

Mwelekeo nao una sheria yake. Ndani ya bakuli nyuzi zimelala kukingama, kwa hiyo katika kila mzunguko patasi hukutana mara mbili na ncha za nyuzi na mara mbili na ubavu wake. Kwa nje, kata kutoka kitakoni kwenda ukingoni. Kwa ndani, kata kutoka ukingoni kushuka katikati. Ukifuata njia hizo, kila unyuzi unaokatwa una mwenzake mrefu chini yake wa kuuegemeza. Ukienda kinyume, unazing'oa, na zile sehemu mbili za kwaruzo utazipiga msasa hadi jioni bila kuzimaliza. Fundi wa tezo hujua hili tayari, ila hajawahi kulazimika kulijua kwa kasi hii.

Ukingo wa ndani ndio mahali pa kuogopa kwa haki. Patasi inaingia pale bila kuwa na mti wa kulaza mteremko, kwani bado haijakata kitu. Basi elekeza mfereji pembeni, kama saa tatu kwa saa za Kizungu, chora mfuo mdogo kwa ncha, na mara mfuo unapopatikana lala ndani yake, ukigeuza mfereji taratibu uangalie juu kadiri unavyoshuka. Kina ukipime mapema: toboa katikati kwa keekee hadi pale unapotaka kitako kiishie, ukiwa umefunga utepe kwenye biti kama alama, na uongeze akiba ya sentimita moja na nusu juu ya kiguu. Mabakuli mengi yanayoharibika mkononi mwa mwanafunzi hufa kwa kutobolewa chini.

Sikiliza pia. Mkato mzuri una sauti moja inayoendelea. Ikianza kugonga, tak tak tak, kuna ufa umefunguka au kiguu kimelegea. Ondoa patasi, ondoka kwenye mstari, zima. Usiguse bakuli kulisimamisha.

Noa mapema kuliko unavyodhani. Mpingo na mkongo huila patasi upesi. Fundi anayeona uvivu kwenda kwenye jiwe huanza kusukuma, na anayesukuma, makali yanapoteleza, hujikuta ameegemea hewa.

Msasa upigwe egemeo likiwa limeondolewa, mwendo umepunguzwa, karatasi ikishikwa upande wa chini unaokukimbia. Vumbi la hatua hii ndilo baya kuliko yote. Mwaka 1995 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vilivyothibitika, kwa saratani za puani. Vumbi la jamii ya mpingo huwasha ngozi kwa wengine, na la mvule huleta pumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakichuji unga mwembamba; vaa barakoa ya vumbi halisi, kereza mlangoni upepo ukikupitia ubavuni, na usifagie unga mkavu kabla ya kuunyunyizia maji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa hivyo, lakini wakereza wengi ni waajiri wa nafsi zao, wakali sana kwenye bajeti.

Mafuta yapakwe kwa karatasi laini inayochanika. Kitambaa kikinaswa hakichaniki, kinaondoka na kidole. Ruangwa ni nchi ya ufuta, na kishawishi cha kupaka mafuta yake ni kikubwa. Kumbuka tu kwamba hukauka nusunusu, na bakuli linaloachwa kabatini hupata harufu. Mafuta ya mbegu za kitani hukauka kweli, lakini matambara yake yakirundikwa hujipasha moto hadi yakawaka bila kiberiti, kwa hiyo yatandazwe nje au yalowekwe. Nta ya nyuki ikiyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, kisha ikachanganywa na mafuta, ni mapako bora ya chombo cha chakula, na misitu ya miombo haijawahi kukosa nyuki. Mafuta ya ganda la korosho yaache kwenye nguzo za uzio. Yanababua ngozi, sembuse ulimi.

Nimeuacha mpingo mwisho kwa makusudi. Si mti wa bakuli kubwa: shina lake lina mikunjo, mara nyingi lina uvungu, na huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ulimwengu unaujua kwa zumari, klarineti na bomba za Waskoti. Wakereza wa Ulaya waliuhusudu zamani; James Harris, mkereza wa mapambo wa Texas, aliona filamu iliyomwonyesha Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kilimanjaro, na mwaka 1996 wawili hao wakaanzisha mradi wa kupanda mipingo ambao Chuwa aliuendesha hadi kifo chake mwaka 2014. Upande wetu wa kusini, vijiji vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, yaani Baraza la Usimamizi wa Misitu, cha msitu unaosimamiwa na wanakijiji, na mpingo ukaanza kuuzwa kwa bei iliyopangwa kijijini. Tangu Januari 2017 mpingo umo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo mzigo wa kwenda nje una karatasi zake.

Kiwanda cha vyombo vya muziki hutaka kipande kisicho na fundo, ufa wala doa, na kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo hubaki. Mabaki hayo ndiyo mali ya mkereza wa Narung'ombe: vikombe vya chumvi, vibakuli vya pilipili, vyenye upana wa sentimita 8 au 10. Kwa upana huo kanuni yetu inaruhusu mizunguko 1,500 hadi zaidi ya 2,000, na ile mota ya 1,440 ambayo ilikuwa hatari kwa bakuli kubwa sasa inatosha. Paka nta kwenye ncha za kipande siku kilipokatwa, kiache kikauke polepole sana, kata kwa hatua nyembamba na usikiache kipate joto la msasa, maana joto huufungulia nyufa ndogo. Mpingo hukatika karibu kama chuma laini, na patasi ya kukwangua, ikishikwa mpini ukiwa juu kidogo, huutendea vizuri kuliko miti mingine yote niliyoitaja.

Hauhitaji mafuta. Chukua konzi ya maranda yake mwenyewe, yagandamize chini ya kikombe kinachozunguka, na utang'aa. Acha mstari wa mti mweupe wa nje kwenye ukingo. Soko limejaa vinyago vya miti myepesi vilivyosuguliwa rangi ya viatu, na mnunuzi aliyekwisha kuumwa atakuuliza umepaka kiwi gani. Mwonyeshe ule mweupe unavyoingia kwenye weusi bila mpaka wa brashi. Akibaki na shaka, dondosha kipande cha mabaki ndani ya ndoo ya maji kizame, na kikombe chenyewe ukiache mezani, maana kikiwekwa wima kitaelea, na utakuwa umeanzisha ubishi mwingine.